Lori la mafuta likivuja Minjila, nani anaangalia kisima?

Basi letu la kutoka Malindi lilisimama Minjila kama saa saba mchana, pale njia inapogawanyika, moja ikienda Hola na Garissa, nyingine Garsen kuelekea Lamu. Watu walishuka kutafuta chai na mahamri. Mimi nilishuka kunyoosha miguu tu. Kando ya barabara kulikuwa na lori la mafuta limeegeshwa, na chini ya koki yake ya nyuma mtu alikuwa ameweka karai la bluu. Diseli ilikuwa inadondoka. Haikuwa inamwagika kwa fujo, ni tone baada ya tone, na vijana watatu walikuwa wamechutama hapo na mitungi yao wakisubiri karai lijae. Dereva alikuwa anasugua kipande cha sabuni kwenye ufa. Huo ni ufundi wa barabarani, na kusema kweli unasaidia kwa muda.

Karai halikuwa linashika yote. Pembeni ardhi ilikuwa imeshakuwa nyeusi, doa la ukubwa wa meza.

Nikapiga picha nikamtumia rafiki yangu mmoja. Tulianza naye jiolojia chuo kimoja. Karo ilinishinda mwaka wa pili nikatoka, yeye akamaliza, na siku hizi kazi yake ni kusafisha mahali palipomwagika mafuta. Nilitarajia aniambie, "Toka hapo, utaungua." Badala yake akaandika: "Hapo chini ni mchanga au mfinyanzi? Na kisima cha karibu kiko wapi?"

Sikujua. Niliuliza pale kwenye chai, na hakuna aliyeona swali langu lina maana. Moto kila mtu anauelewa. Kisima kinaingiaje hapo?

Ukiangalia, sisi Wakenya tumefunzwa hivyo na misiba. Januari 2009 lori lilianguka Sachang'wan karibu na Molo, watu wakaja kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Septemba 2011 mafuta ya bomba yalifika kwenye mtaro wa mtaa wa Sinai, Nairobi, tena zaidi ya 100. Julai 2021 ikawa Malanga, Gem, kaunti ya Siaya, watu 13. Kila mara kamera zinakuja, viongozi wanakuja, tunaambiwa tusichote mafuta, halafu moto ukizimika na habari inaisha. Lakini mafuta ambayo hayakuungua yalienda wapi? Hayakurudi kwenye tangi. Yalienda chini.

Jibu la swali hilo liko Thange, kule Kibwezi, kaunti ya Makueni. Mei 2015 iligunduliwa kwamba bomba la kusafirisha mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, la kampuni ya KPC, lilikuwa limevuja. Hilo ndilo bomba la zamani, lile lililoanza kazi 1978. Hakukuwa na mlipuko wa kuonyeshwa kwenye runinga. Kulikuwa na harufu, mto wenye utando unaong'aa rangi rangi, na mashamba na visima ambavyo watu waliambiwa wasivitumie tena. Wakazi wakaanza kulalamikia ngozi, kifua, mimea. Kesi ikaenda kortini. Ilipofika Julai 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamua wakazi zaidi ya 3,000 walipwe Sh3.8 bilioni. Hesabu mwenyewe: 2015 hadi 2025. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kuvuja alikuwa darasani gredi ya nne wakati hukumu inasomwa.

Watu wengi waliona kichwa cha habari, wakaona mabilioni, wakasema Thange wameomoka. Mimi nilichoona ni miaka kumi. Na nikajiuliza, hili lingetokea Garsen, mambo yangekuwaje?

Kabla sijafika huko, wacha nieleze kazi ya huyu rafiki yangu, maana nikisema "mwanajiolojia" watu wanafikiria dhahabu ama mafuta ya Turkana. Yake ni kama upelelezi. Akifika mahali anauliza maswali ya askari: ni mafuta gani, lita ngapi zimepotea, lini, na nani alisikia harufu kwanza. Halafu anatoboa ardhi, wakati mwingine kwa mkono na chuma chenye meno kama kizibuo cha chupa, akitoa udongo kila nusu mita, akiunusisha kwa kifaa kinachopima mvuke wa mafuta. Anaandika. Anasogea hatua chache, anatoboa tena. Mwisho anapata ramani ya kitu ambacho hakuna mtu anaweza kukiona.

Kisha anachimba visima vidogo vya uchunguzi, na lazima viwe angalau vitatu. Nilimuuliza kwa nini vitatu. Akanikumbusha somo nililokimbia: ukipima kimo cha maji kwenye visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, unapata mteremko wa maji ya chini ya ardhi, na kwa hivyo upande ambao sumu inaelekea. Juu ya ardhi unaweza kuona uwanja umenyooka kama meza, kumbe chini maji yanatembea kuelekea kwa kisima cha shule.

Petroli na diseli ni nyepesi kuliko maji, kwa hivyo zikishuka zinafika kwenye maji zinaelea hapo juu, gizani. Anateremsha utepe wenye kihisio mwishoni: ukigusa mafuta unalia hivi, ukigusa maji unalia vingine, na tofauti ya hizo sauti mbili ndiyo unene wa mafuta. Hiyo inayoelea inaweza kufyonzwa kwa pampu. Tatizo ni ile inayoyeyuka. Ndani ya petroli mna kemikali inayoitwa benzini, inayosababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 zake kwa lita. Tulifanya hesabu kwa simu, naye akinicheka jinsi nimesahau mahesabu. Tuseme petroli ina benzini asilimia moja kwa uzito. Lita moja ina kama gramu saba. Gramu saba zinatosha kufikisha lita laki saba za maji kwenye hicho kikomo. Lita moja tu ya petroli! Lori moja linaweza kubeba lita 30,000 na zaidi.

Ni kweli haiyeyuki yote, nyingine inapaa na nyingine inaliwa na bakteria. Na diseli, kama ile ya Minjila, benzini yake ni kidogo sana, ila nayo ina mambo yake na inakaa udongoni muda mrefu. Sitaki kumtisha mtu na doa la ukubwa wa meza.

Kusafisha kwenyewe hakuna mbwembwe. Udongo uliochafuka unachimbwa, unarundikwa, unachanganywa na mbolea, unageuzwa kama mboji ili bakteria wapate hewa wale mafuta. Chini ya maji wanapuliza hewa kwa mabomba. Halafu wanapima, wanangoja, wanapima tena. Miezi, mara nyingi miaka. Anasema sehemu ngumu si kuchimba. Sehemu ngumu ni mwaka wa tatu, wakati harufu imeisha, anayelipa anataka kufunga faili, na namba zako bado zinasema hapana.

Sasa tufike Garsen.

Delta ya Tana haiko kama Thange. Huu ndio mto mrefu zaidi Kenya, na huku chini umehama mkondo mara nyingi. Kila ulipohama uliacha mchanga, halafu mafuriko yakaleta mfinyanzi juu yake. Kwa hivyo unaweza kusimama kwenye mfinyanzi mgumu ukadhani uko salama, kumbe chini yako kuna mkondo wa kale wa mchanga unaopitisha kitu chochote. Na huo mfinyanzi mweusi wenyewe kiangazi unapasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaingia. Mafuta hayahitaji mwaliko mwingine.

Kisha mvua inakuja. Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024 tuliona Tana ikimeza vijiji, na barabara ya Lamu ikifunikwa na maji kati ya Gamba na Lango la Simba. Watu husema mafuriko yanaosha uchafu. Mwanajiolojia atakwambia kinyume: maji ya chini ya ardhi yanapanda, mafuta yanayoelea yanapanda nayo, yanapaka udongo wote njiani, maji yakishuka kiangazi, mafuta yanashuka, yanapaka tena. Baada ya misimu michache doa lililokuwa unene wa kidole ni unene wa mtu mzima.

Na jambo ambalo naona ni kubwa kuliko yote: huku huwezi kusema tu tuchimbe kisima kingine. Maji matamu ya chini yanapatikana karibu na mto, kwa sababu mto ndio unayalisha. Ukienda mbali, unachimba unapata chumvi. Kisima kizuri ni mali. Kikiharibika, watu na ng'ombe wao wanahamia kisima cha wengine, na Tana River sote tunajua maana yake. Kati ya Agosti 2012 na mapema 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, na ardhi ya malisho na njia za kufikia maji zilikuwa ndani ya ugomvi huo. Sisemi diseli italeta vita. Nasema huku kisima si kitu cha kufanyiwa majaribio.

Mtu ataniambia Garsen hakuna bomba la mafuta. Ni kweli. Hata lile linalopangwa la kutoka Lokichar hadi Lamu, kama kilomita 820, kwa michoro iliyopo linapita Garissa na Lamu. Lakini vituo vya petroli vya Garsen, Hola na Lamu vinajazwa na malori, na barabara ni hiyo hiyo, na mto ukifurika lori linasubiri pembeni siku kadhaa, wakati mwingine kwenye tope. Ongeza pampu za diseli za wakulima kando ya mto. Ongeza petroli ya chupa ya watu wa boda. Ongeza gereji inayomwaga oili chafu nyuma ya ukuta kwa sababu hakuna aliyewaonyesha pa kuipeleka. Hakuna hata kimoja hapo kitakachoingia kwenye taarifa ya saa moja.

Kama unataka kujua mwisho wa kupuuza, delta nyingine iko Nigeria. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti kuhusu Ogoniland. Mahali panapoitwa Nisisioken Ogale, watu walikuwa wanakunywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kikomo. Karibu na hapo wachunguzi walikuta mafuta yaliyosafishwa, unene wa sentimita 8, yakielea juu ya maji ya chini ya ardhi, kutokana na bomba lililokuwa limevuja zaidi ya miaka sita kabla. Ripoti ikasema kurudisha Ogoniland yote kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Kumbuka yale ya Ogale hayakuwa mafuta ghafi ya kisimani. Ni bidhaa kama hii unayotia kwenye nduthi.

Sheria tunayo, na si mbaya. Katiba kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya 1999, ile EMCA, kifungu cha 93, inakataza kumwaga mafuta kwenye maji au sehemu yoyote ya mazingira, na aliyemwaga analipa gharama ya kuyaondoa, kurudisha mahali palivyokuwa na kufidia walioumia. Mahakama nazo zimeanza kuuma: mbali na Thange, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirudisha fidia ya Sh1.3 bilioni kwa watu wa Owino Uhuru, hapa kwetu Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha betri.

Lakini soma tena hayo maneno, "kurudisha mahali palivyokuwa". Palikuwaje? Hapo ndipo Garsen ingeanguka. Wakili wa aliyemwaga atauliza swali moja tu: una uthibitisho gani kwamba maji yako yalikuwa safi kabla? Ukisema tulikuwa tunakunywa, atasema hata sasa ungeweza kunywa. Ukimwonyesha vipimo vya baada ya ajali, atasema hiyo ni gereji, hiyo ni pampu ya jirani, hiyo ilikuwepo. Bila kipimo cha kabla, mzigo wote unarudi kwa mama mwenye ndoo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua si wa kushangiliwa: kaunti ya Tana River ipime visima sasa, wakati hakuna ajali. Si vyote. Vianze vile vilivyo karibu na vituo vya mafuta na vile vya kando ya barabara kuu, Minjila, Garsen, Gamba, Hola. Kipimo kimoja kiangazi, kingine baada ya mvua, kimo cha maji na sampuli chache za maabara. Kituo cha mafuta hakijengwi bila tathmini ya mazingira inayopitia NEMA, na wenye vituo wanatakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira kila mwaka. Basi ukaguzi huo uguse kisima cha jirani, na matokeo yasomwe kwenye baraza la chifu, si kulala kwenye faili ofisini.

Nilimwambia hivi kijana mmoja wa Garsen anayefuatilia mambo ya kaunti, akanikata: "Bro, kuna vijiji havina maji kabisa. Wewe unataka pesa ziende kupima?" Sikuwa na jibu la haraka, na bado naona ana hoja. Ninachoweza kusema ni kwamba kupima kisima ni bei ndogo sana ukilinganisha na kukichimba, na kuchimba upya mahali penye chumvi ni kutupa pesa mara mbili. Lakini kama ni mimi ningekuwa na ndoo tupu, pengine ningesema kama yeye.

Kuna pia suala la ajira, na hapa nitaongea kama mtu aliyetoka chuo bila karatasi. Tangu mafuta yapatikane Ngamia, Turkana, Machi 2012, kila mwanasiasa ametuahidi kazi za kuchimba. Tullow yenyewe ilikubali 2025 kuuza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy, na wimbo ni ule ule. Hata Kipini, hapo Tana inapoingia baharini, wanajiolojia walishafika na kuchimba kisima cha kutafuta mafuta 1971. Waliokuja kutafuta walikuwepo. Wa kusafisha hatuna mpango nao. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafunza jiolojia, tuna sheria ya kusajili wanajiolojia tangu 1993, na bado wenzangu waliohitimu wengine wanauza mitumba. Kupima kimo cha maji hakuhitaji hata digrii. Kunahitaji mtu wa hapo hapo, mwaminifu, anayejua kisima kipi ni cha nani na anayerudi mwezi ujao. Digrii inahitajika kusoma hizo namba.

Nilikaa Garsen siku tatu kwa binamu yangu. Siku ya pili rafiki yangu alinipa kazi kwa simu: kamba, jiwe, kalamu ya rangi. Tulienda kwenye kisima cha jirani wa binamu, mama mmoja mtu mzima, nikamwomba ruhusa.

"Mwanangu, unatafuta nini humo ndani?"

"Nataka kujua maji yako umbali gani, Mama."

"Hata mimi ningekwambia. Ndoo ikizama kamba inabaki mikono miwili."

Tulipima. Kutoka mdomo wa kisima hadi maji, mita tano na sentimita arobaini. Nikaandika na tarehe. Mama akasema niandike na upande wa pili wa daftari kwamba mwaka wa mafuriko maji yalifika hadi pale kwenye tofali la tatu, akaniwekea kidole. Nikaandika hilo pia.

Nikirudi nilishuka tena Minjila. Lori lilikuwa limeondoka. Mtu alikuwa amemwaga mchanga juu ya lile doa, na mama wa mahamri alikuwa amesogeza meza yake pale kwa sababu pana kivuli.